Kabla ya kulainisha kifyatulio, fundisha kidole

Februari 2016, katika chumba cha mahakama cha Brooklyn, New York, wajumbe wa jopo lililokuwa likisikiliza kesi ya mauaji walipewa bastola iliyokuwa kielelezo, ikiwa haina risasi, wakakijaribu kifyatulio chake kwa vidole vyao wenyewe. Mshtakiwa alikuwa askari mpya wa polisi wa jiji hilo. Usiku wa Novemba 20, 2014 alikuwa kwenye doria ndani ya jengo la makazi, kwenye ngazi zenye giza, bastola ikiwa mkononi. Risasi moja ilitoka, ikagonga ukuta, ikampata kijana wa miaka 28 aliyekuwa ngazi za chini, ikamuua. Kijana huyo hakuwa na silaha wala kosa. Askari alijitetea kwamba alisikia sauti, akashtuka, mwili ukakakamaa na bastola ikafyatuka.

Wajumbe walipovuta, walikutana na kifyatulio kigumu sana, kinachohitaji nguvu ya zaidi ya kilo 5. Februari 11 walimtia askari hatiani kwa kuua bila kukusudia. Miezi miwili baadaye jaji alilipunguza kosa hilo likawa la uzembe uliosababisha kifo, akampa miaka 5 ya uangalizi na saa 800 za kazi za jamii.

Kinachostahili kukumbukwa na kila anayeshika bastola ni hiki: kifyatulio kile kilikuwa kigumu kwa makusudi. Polisi wa New York walikuwa wamekitia uzito huo kwa miaka mingi ili risasi isitoke kwa bahati mbaya. Na risasi ilitoka.

Miongoni mwa wamiliki wa bastola, walinzi, askari na wanamichezo wa kulenga shabaha, mazungumzo juu ya kifyatulio hayaishi. Mmoja atalalamika kwamba chake kinakwaruza, mwingine kwamba kina mwendo mrefu, wa tatu atauliza ni fundi gani anaweza kukifanya chepesi. Ni maswali ya haki, kwa sababu kifyatulio ndicho kiungo pekee kati ya nia ya mtu na risasi. Lakini wengi huanzia mahali pasipofaa. Huanzia kwenye springi na vipuri, ilhali kinachoharibu shabaha zao, na wakati mwingine maisha ya watu, ni kidole.

Kinachotokea ndani

Ili kuelewa kwa nini vifyatulio havifanani, inafaa kujua kazi inayofanywa na kila kimoja.

John Moses Browning, fundi aliyezaliwa Ogden, Utah mwaka 1855, ndiye aliyebuni bastola iliyochukuliwa na jeshi la Marekani Machi 29, 1911, ikapewa jina la mwaka huo. Katika bastola hiyo ya M1911, nyundo hukokiwa kwanza. Kazi ya kifyatulio inabaki moja tu, kuiachia. Ndiyo maana mwendo wake ni mfupi na kinateleza moja kwa moja kwenda nyuma badala ya kuzunguka kwenye bawaba. Zaidi ya miaka 100 baadaye, wapiga shabaha wengi bado wanapima vifyatulio vingine kwa kulinganisha na hicho.

Njia ya pili ilipata nguvu Ujerumani mwaka 1929 kupitia bastola ya Walther PP. Humo, risasi ya kwanza hutolewa kwa mvuto mrefu na mzito ambao kwanza huinua nyundo, kisha huiachia. Baada ya hapo bastola yenyewe, inaporudi nyuma, huikoki nyundo, kwa hiyo risasi ya pili na zinazofuata huwa na mvuto mfupi na mwepesi. Msomaji wa magazeti ya Kenya anaifahamu familia hii kwa jina la Ceska, bastola zinazotengenezwa katika Jamhuri ya Czech. Maarufu zaidi kati yake ni CZ 75, iliyobuniwa miaka ya 1970 wakati nchi hiyo ikiitwa Czechoslovakia. Anayetumia bastola ya namna hii ana vifyatulio viwili katika silaha moja, na inambidi avijue vyote viwili. Wengi hupoteza risasi ya kwanza kwa sababu ya uzito, kisha hupoteza ya pili kwa sababu kifyatulio kimekuwa chepesi ghafla kuliko kidole kilivyotarajia.

Njia ya tatu ilitoka Austria. Gaston Glock, mwenye kiwanda katika mji wa Deutsch-Wagram, alishinda zabuni ya jeshi la nchi hiyo mwaka 1982 kwa bastola yenye fremu ya plastiki ngumu, Glock 17. Haina nyundo inayoonekana. Ndani kuna pini inayosukumwa na springi, na springi hiyo huwa imevutwa nusu tu. Kidole kinapovuta, humalizia kuirudisha pini nyuma, kisha kuiachia. Kila risasi ina mvuto ule ule, wa kilo 2.5 hivi. Usalama wake umejengwa ndani ya mvuto wenyewe: kuna kiwiko kidogo katikati ya kifyatulio, kizuizi cha pini, na kinga ya kuanguka, na vyote vitatu hufunguka kidole kinapovuta na hujifunga kinapoachia.

Hapo ndipo penye jambo ambalo wanaotaka kulainisha kifyatulio husahau. Kwenye bastola za kisasa, kifyatulio na usalama ni mtambo mmoja. Huwezi kugusa hiki bila kugusa kile.

Sifa za kifyatulio kizuri

Watu hupenda kutaja uzito kwa sababu uzito una namba. Lakini ukimsikiliza mlengaji shabaha mzoefu, utamsikia akieleza mambo mengine kabla ya kufika kwenye namba.

Kwanza kuna mwendo wa bure, ule ulegevu wa mwanzo ambao kidole hukusanya bila upinzani mkubwa. Baadaye kidole hufika kwenye ukuta, mahali ambapo upinzani unaanza kwa kweli. Kutoka ukutani hadi nyundo au pini inapoachiwa, kifyatulio kizuri hakikwaruzi, hakisiti wala hakiongezi uzito kwa mafungu. Kinaachia mara moja na mahali pale pale kila mara. Baada ya kuachia, hakiendelei kuporomoka nyuma umbali mrefu, kwa sababu mwendo huo wa ziada huitikisa bastola risasi ikiwa bado ndani ya mtutu. Mwisho ni kurejea: ukikiachia taratibu, unahisi mahali kinapojifunga tena tayari kwa risasi inayofuata.

Dereva aliyezoea gari lake anajua klachi inashika wapi bila kuiangalia. Hajali sana kama ni nzito au nyepesi. Anajali kwamba leo inashika pale pale iliposhika jana. Kifyatulio kinatakiwa kuaminika kwa namna hiyo hiyo. Kifyatulio cha kilo 2.5 kinachovutika kwa ulaini na kuachia mahali pamoja ni bora kuliko cha kilo 1.5 ambacho leo kinaachia hapa na kesho pale.

Kwa nini basi uzito una athari? Kwa sababu ya fizikia ya kawaida. Glock 17 iliyojaa risasi haifiki kilo 1. Ukiivuta kwa nguvu ya kilo 2.5, tayari nguvu ya kidole ni zaidi ya mara mbili ya uzito wa kitu unachotaka kitulie. Nguvu hiyo isipoenda nyuma moja kwa moja, bastola itageuka kidogo. Na kidogo hicho kinatosha. Umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele kwenye bastola hiyo ni milimita 165 hivi. Kilengeo cha mbele kikisogea upande kwa milimita 1 tu wakati wa kufyatua, risasi itakosea kwa sentimita 6 ikifika mita 10, na kwa sentimita 15 ikifika mita 25. Mwenye bastola atalaumu vilengeo, atalaumu risasi, atalaumu kiwanda. Milimita ile haioni, kwa sababu mlipuko unaifunika.

Fundisho la New York

Polisi wa New York waliruhusiwa kuhama kutoka bastola za risasi sita za mzunguko kwenda za kujijaza zenyewe za milimita 9 mwaka 1993. Wakubwa wao walikuwa na hofu inayoeleweka. Askari waliozoea mvuto mrefu na mzito wa silaha ya zamani wangepewa silaha yenye mvuto mfupi na risasi nyingi. Jibu lao likawa springi: bastola mpya zikawekewa kifyatulio cha ratili 12, yaani karibu kilo 5.4, zaidi ya mara mbili ya kile cha kawaida cha kiwandani. Hadi leo Glock ina springi nzito inayojulikana kwa jina la New York.

Gharama ya uamuzi huo ilionekana taratibu. Ripoti ya taasisi ya utafiti ya RAND ya mwaka 2008, iliyoombwa na jeshi hilo lenyewe, ilionyesha kwamba kati ya mwaka 1998 na 2006, katika mapambano ya kurushiana risasi, ni asilimia 18 tu ya risasi za polisi zilizompata mlengwa. Hata pale ambapo mtu hakuwarudishia risasi, kiwango kilikuwa asilimia 30. Lawama haiwezi kuangukia kifyatulio peke yake. Hofu, giza, mbio na mafunzo haba vyote vina sehemu yake. Lakini mtu mwenye hofu na giza hahitaji kuongezewa kilo 3 za kupambana nazo kwenye kidole.

Agosti 24, 2012, karibu na jengo la Empire State, askari wawili walikabiliana na mtu aliyekuwa ametoka kuua na aliyewaelekezea bastola. Walikuwa umbali wa hatua chache tu. Walifyatua risasi 16. Mtu yule aliuawa, lakini wapita njia tisa walijeruhiwa, wote kwa risasi za polisi au vipande vyake. Mjadala juu ya kifyatulio kizito ukafufuka kwa kishindo. Miaka miwili baadaye ikaja ile risasi ya ngazini Brooklyn, ikaonyesha upande wa pili wa sarafu: uzito uliolaumiwa kwa kuwakosesha askari shabaha haukuzuia risasi ya bahati mbaya.

Roger Enoka, mtafiti wa Marekani aliyebobea katika utendaji wa misuli, alieleza hali tatu ambazo kidole hukaza bila mwenyewe kutaka: anaposhtuka, anapopoteza mizani na kuteleza, na anapokaza kwa nguvu mkono wa pili, kwa mfano akimshika mshukiwa. Katika hali hizo mkono mzima hujifunga. Nguvu inayotoka inaweza kushinda hata kifyatulio kigumu. Kinachomwokoa mtu hapo ni mazoea ya kuweka kidole nje ya kikingio cha kifyatulio, kikiwa kimenyooka kwenye ubavu wa bastola, mpaka vilengeo viwe juu ya shabaha na uamuzi wa kufyatua uwe umeshafanywa. Jeff Cooper, mwalimu wa Marekani aliyeanzisha shule ya silaha huko Arizona mwaka 1976, aliyafanya mazoea hayo kuwa moja ya kanuni zake nne za usalama. Haigharimu hata senti, na hakuna springi inayoweza kuchukua nafasi yake.

Mwaka 2021 polisi wa New York walianza kuwapa askari wapya bastola zenye kifyatulio cha karibu nusu ya uzito ule wa zamani. Ilichukua karibu miaka 30.

Olimpiki wanavyopima

Nenda sasa upande wa michezo, mahali ambapo kila mtu angependa kifyatulio chepesi kuliko cha mwenzake. Shirikisho la kimataifa la mchezo wa kulenga shabaha, ISSF, limeweka kikomo cha chini: gramu 500 kwa bastola ya upepo ya mita 10, na gramu 1,000 kwa bastola za mita 25.

Ukaguzi wake unavutia kuutazama. Bastola inashikwa mtutu ukiwa umeelekea juu, wima. Kitu chenye uzito uliopimwa kinaning'inizwa katikati ya kifyatulio, kikiwa kimelala juu ya sehemu tambarare. Kisha bastola inainuliwa polepole. Uzito ukinyanyuka wote bila kifyatulio kuachia, silaha imefaulu. Kikiachia, mchezaji ana nafasi ya kujaribu tena, lakini hazizidi majaribio matatu. Hakuna mazungumzo wala hisia. Ni gramu tu.

Wanaoshindana kwa bastola hizo wanaweza kurekebisha kifyatulio kwa skrubu zilizowekwa na mtengenezaji mwenyewe. Wengi huchagua mvuto wa hatua mbili: sehemu kubwa ya uzito huchukuliwa mwanzoni, na sehemu ndogo iliyobaki huachwa ukutani. Kwa hiyo kidole kinapofika ukutani kimeshabeba mzigo mwingi, na kinachohitajika ni nyongeza ndogo. Uzito ni ule ule wa kanuni, ila umegawanywa kwa akili. Hili linawezekana kwa sababu ni silaha za uwanjani tu. Hazibebwi kiunoni wala hazichomolewi gizani. Mtu anayetaka kifyatulio cha uwanja wa mashindano kwenye bastola anayotembea nayo mjini anachanganya vitu viwili visivyochanganyika.

Na hata uwanjani, chombo hakimbebi mtu. Mwaka 1938 sajenti wa jeshi la Hungary, Károly Takács, mmoja wa walengaji bora wa nchi yake, alilipukiwa na guruneti mkononi. Mkono wa kulia, ule alioutumia kufyatulia maisha yake yote, uliharibika vibaya. Takács akaanza upya na mkono wa kushoto, kidole ambacho hakijawahi kuvuta kifyatulio kwa mashindano. Mwaka 1939 alikuwa bingwa wa taifa. Vita Kuu ya Pili ilifuta michezo ya Olimpiki ya 1940 na 1944. Mwaka 1948, London, akiwa na umri wa miaka 38, alitwaa dhahabu katika mchezo wa bastola ya kasi ya mita 25 akiweka rekodi ya dunia ya alama 580. Mwaka 1952, Helsinki, akaitwaa tena. Huo ni mchezo ambao mlengaji hufyatua risasi tano kwenye shabaha tano tofauti, na katika awamu ya mwisho hupewa sekunde 4 tu kwa zote. Anayesema kifyatulio chake ndicho kinachomkosesha na aitafakari habari hiyo.

Mazoezi ya nyumbani

Njia iliyo bora, rahisi na salama zaidi ya kukifanya kifyatulio kihisike vizuri ni kufyatua bila risasi. Wapiga shabaha wa Olimpiki hufanya hivyo kila wakati. Mwenye leseni anaweza kufanya mazoezi hayo nyumbani mwake, mradi azingatie utaratibu bila kuruka hatua.

Magazini inatolewa kwanza, kisha chemba inafunguliwa, inatazamwa kwa macho na kupapaswa kwa kidole. Risasi zote zinatolewa nje ya chumba, zinafungiwa kwingine. Bastola inaelekezwa kwenye ukuta unaoweza kuzuia risasi, si kwenye dirisha, si kwenye televisheni, si kwenye mlango ambao nyuma yake kuna watoto. Mazoezi yakiisha, yameisha. Risasi zikirudi, hakuna tena cha "mara moja ya mwisho", kwani wengi walioharibu kuta zao, au kufanya mabaya kuliko hayo, waliharibu kwa ile mara moja ya mwisho. Kitabu cha mtengenezaji kisomwe pia, maana baadhi ya bastola ndogo za .22, pini yake hugonga ukingo wa chemba zinapofyatuliwa tupu na zinaweza kuharibika.

Kisha weka sarafu juu ya bastola, karibu na kilengeo cha mbele. Kamata mpini kwa mikono miwili kama ungefanya uwanjani. Weka nyama ya ncha ya kidole kwenye kifyatulio. Ukikiingiza sana hadi kwenye kiungo, au ukigusa kwa ncha kabisa, utaisukuma bastola upande. Vuta mwendo wa bure, fika ukutani, tulia, kisha ongeza nguvu kidogo kidogo huku macho yakiwa kwenye kilengeo cha mbele. Sikia mlio wa kuachia. Sarafu ikibaki, umevuta sawasawa. Ikianguka, umejifunza jambo ambalo risasi halisi isingekuonyesha. Usikiachie kifyatulio ghafla. Kishikilie nyuma, koki bastola kwa mkono mwingine, halafu kirudishe mbele taratibu hadi uhisi kimejifunga. Dakika kumi za kazi hiyo kila jioni zina faida kuliko sanduku zima la risasi linalochomwa kwa mpigo mwisho wa mwezi.

Zoezi la pili ni la uwanjani. Mwombe mkufunzi akuwekee risasi bandia chache kati ya zile halisi ndani ya magazini, bila wewe kujua ziko wapi. Utalenga, utavuta, na mahali palipotarajiwa mlipuko hapatatokea kitu. Utauona mtutu ukiinama chini wenyewe. Huko ni kuuogopa mshtuko kabla haujaja, na ndiyo sababu kubwa ya risasi kutua chini ya shabaha. Hakuna fundi anayeweza kuirekebisha, na kifyatulio chepesi huificha tu kwa muda.

Fundi anapohitajika

Baada ya hayo yote, bado kuna bastola zinazohitaji kazi. Vumbi na mafuta yaliyoganda hufanya kifyatulio kikwaruze. Kwa hiyo anza kwa kusafisha na kutia mafuta machache mahali panapostahili. Bastola mpya nyingi hulainika zenyewe baada ya kutumika kwa muda, vyuma vinapozoeana. Springi zilizochoka zibadilishwe kwa zile za kiwanda.

Kuanzia hapo, kazi ni ya fundi wa silaha mwenye kibali. Si ya kijana mwenye msasa na video ya simu. Nyuso za vyuma vinavyoshikilia nyundo ni ndogo na zimekomazwa kwa juu tu. Ukisugua ukapita ule ukomavu, chuma laini kilicho chini kitalika haraka, na siku moja nyundo itaanguka bila kidole, au bastola itatoa risasi mbili kwa mvuto mmoja. Ukipunguza springi ya nyundo ili mvuto uwe mwepesi, pini itagonga risasi kwa udhaifu na risasi haitalipuka, pengine siku ile unayoihitaji. Ukikaza skrubu ya mwendo wa ziada kupita kiasi, uchafu kidogo tu utaizuia bastola kufyatuka. Kila unachokipunguza kina kazi iliyokuwa ikifanywa.

Hata watengenezaji wakubwa hujifunza hilo. Mwaka 2017 ilibainika kwamba bastola aina ya SIG Sauer P320, ikianguka kwa pembe fulani, inaweza kufyatuka. Sababu moja ilikuwa kifyatulio chenyewe: chuma chake kilikuwa kizito kiasi kwamba bastola ilipogonga sakafu, chenyewe kiliendelea kwenda nyuma kana kwamba kimevutwa. Agosti mwaka huo kampuni ilitangaza mpango wa kuzirekebisha bila malipo, na miongoni mwa vilivyobadilishwa ni kifyatulio, kikawekwa chenye uzito mdogo zaidi. Ikiwa wahandisi wenye maabara walihitaji kurudi mezani, mwenye bastola hana sababu ya kujiamini na tupa ya dukani.

Fundi mzuri utamjua kwa maswali yake. Atauliza bastola ni ya nini, ya mashindano au ya kujilinda. Akimaliza, atapima uzito mbele yako, atahakikisha kila kizuizi cha usalama kinafanya kazi, na ataijaribu kwa risasi halisi kabla ya kuirudisha. Akikuahidi kifyatulio "cha kugusa tu" kwa bastola ya kiunoni, ondoka.

Neno kwa wenye leseni na wakufunzi

Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Zote zinamkabidhi mwenye leseni dhamana nzito juu ya kila risasi inayotoka kwenye mtutu wake. Kabla ya kubadili kipuri chochote, soma masharti ya leseni yako na uwaulize waliokupa.

Kwa wakufunzi wa polisi na makampuni ya ulinzi, ombi langu ni moja. Msitafute usalama kwenye springi nzito, wala ustadi kwenye springi nyepesi. Wapeni vijana muda wa kufyatua bila risasi, wapeni mwalimu wa kuwatazama vidole, na mrudie kanuni ya kidole nje ya kifyatulio mpaka iwe kama kupumua. Mafunzo hayo yana gharama ndogo kuliko risasi, na ndogo zaidi kuliko kesi ya mauaji.

Na wewe unayewaza kulainisha kifyatulio chako: kisafishe, kijue, kifanyie mazoezi kwa miezi kadhaa, kisha pima tena kama bado unahitaji fundi. Ukiona unahitaji, mpelekee aliyesomea kazi hiyo. Mpaka hapo, kidole chako kibaki nje.